Unataka kuijua Biblia na imani ya Kikristo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumapili nasimamia meza ya vitabu nje ya kanisa. Watu huja kuulizia kalenda, wanashika jalada hili na lile, wanasubiri wenzao waondoke, ndipo wanauliza kile walichokuja kuuliza. Maswali hayo yanajirudia sana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Si lazima usome yote. Tafuta linalokuhusu, na ukikuta namba ya swali jingine ndani ya jibu, lifuate.

## Mwanzo kabisa

1. Sijawahi kusoma Biblia. Nianzie wapi?

Usianzie ukurasa wa kwanza. Najua linasikika kama jambo la ajabu, maana kitabu huanzwa mwanzo. Lakini Biblia ni kabati la vitabu vilivyoandikwa kwa karne nyingi na watu wengi: kuna historia, mashairi, sheria, barua na unabii. Anayeanza Mwanzo akidhamiria kufika Ufunuo kwa kawaida huenda vizuri na Ibrahimu, anamfurahia Yusufu na ndugu zake, anavuka bahari na Musa, halafu anakutana na vipimo vya mapazia ya hema na sheria za ukoma. Hapo ndipo Biblia nyingi hurudi kwenye kabati la sahani.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, inakwenda haraka, na mtu anaweza kuimaliza kwa jioni moja au mbili. Ukimaliza, soma Luka halafu Matendo ya Mitume. Vitabu hivyo viwili ni vya mwandishi mmoja na vyote vimeelekezwa kwa mtu anayeitwa Theofilo, hivyo ukivisoma mfululizo unapata habari ya Yesu na habari ya wafuasi wake wa kwanza bila kukatika. Baada ya hapo rudi Mwanzo, na kila siku ongeza Zaburi moja. Ufunuo mwachie mwaka ujao.

2. Ni lazima niwe Mkristo, au nijiunge na kanisa, ndipo nisome?

Hapana. Hakuna anayetoa kibali cha kusoma. Katika Matendo sura ya 8 kuna ofisa wa malkia wa Wakushi aliyekuwa ameketi garini mwake akisoma kitabu cha Isaya, na alikuwa bado hajabatizwa. Filipo anamkimbilia na kumuuliza, “Je! Yamekuelea haya unayosoma?” Anajibu, “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Napenda mpangilio huo: kusoma kulitangulia, swali likafuata, mwongozaji akaja wa tatu. Kuhusu namna ya kumpata mwongozaji wako, angalia swali la 14.

3. Itanigharimu kiasi gani?

Unaweza kuanza bila kutoa senti. Programu za simu ni za bure (swali la 9), redio ni bure, na Wagideoni wamegawa vitabu vidogo vya Agano Jipya mashuleni, hospitalini na hotelini kwa miaka mingi, kiasi kwamba pengine kimoja kimelala kwenye droo ya nyumbani kwenu. Kakitafute kabla hujanunua. Ukitaka kununua, vyama vya Biblia huuza kwa bei iliyopunguzwa makusudi, hivyo toleo la kawaida lenye jalada gumu huwa nafuu kuliko vitabu vingi vya unene ule. Kinachopandisha bei ni ngozi, zipu na dhahabu za pembeni.

## Kuchagua Biblia

4. Mbona Biblia za Kiswahili hazifanani maneno? Ninunue ipi?

Hazifanani kwa sababu zimetafsiriwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, kutoka pande tofauti za pwani. Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akiwa Mombasa mwaka 1844, muda mfupi baada ya kufika. Baadaye wamisionari wa Unguja, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, walitafsiri kwa Kiunguja, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891, Steere akiwa amekwisha kufariki. Mombasa nao wakataka ya Kimvita, wakaipata mwaka 1914. Kisha Karl Roehl, Mjerumani aliyefanya kazi Tanganyika, akatoa yake mwaka 1937 akijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Zikawa Biblia tatu za lugha moja, na mwinjilisti akivuka mpaka anaonekana kama ana kitabu kingine.

Ndiyo maana ile ya mwaka 1952 ikaitwa Union Version: ilitengenezwa ili itumike pande zote. Ndiyo Biblia ambayo bibi yako anaikariri, na ndiyo inayosomwa madhabahuni katika makanisa mengi ya Kiprotestanti mpaka leo. Katika miaka ya 1990 ikakamilika Biblia Habari Njema, yenye Kiswahili cha siku zetu. Ipo pia ile inayojulikana kama Neno, ya shirika la Biblica, nayo inasomeka kwa urahisi.

Ladha yake uione mwenyewe. Zaburi ya 23 katika Union inaanza, “BWANA ndiye mchungaji wangu.” Habari Njema inasema, “Mwenyezi-Mungu ni mchungaji wangu.” Ni Mungu yuleyule: hapo Kiebrania kina lile jina la herufi nne ambalo Wayahudi hawalitamki, na kila kundi la watafsiri liliamua njia yake ya kulionyesha. Kila unapoona BWANA kwa herufi kubwa kwenye Union, ujue jina hilo lipo chini yake.

Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua Habari Njema ya kusomea, na Union uwe nayo kwenye simu. Wachungaji wengine watakuambia kinyume. Wana sababu yao, kwa kuwa ukienda ibadani na Habari Njema utapata shida kufuatisha mstari unaosomwa. Lakini mtu anayesoma peke yake usiku bila wa kumuuliza anahitaji kwanza kuelewa sentensi.

5. Biblia ya Kikatoliki ni tofauti?

Agano Jipya ni lilelile, vitabu 27. Tofauti iko kwenye Agano la Kale: Waprotestanti wana vitabu 39, Wakatoliki 46, hivyo jumla inakuwa 66 kwa upande mmoja na 73 kwa upande mwingine. Vinavyoongezeka ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo, pamoja na sehemu kadhaa za Esta na Danieli. Wakatoliki huviita deuterokanoni. Biblia Habari Njema inauzwa kwa namna zote mbili, kwa hiyo fungua ukurasa wa yaliyomo kabla ya kulipa. Nimeshuhudia watu wakirudisha Biblia kwa sababu hiyo, wa pande zote mbili, kila mmoja akidhani ameuziwa feki.

Jambo dogo linalowachanganya wanaosoma vitabu vya zamani vya Kikatoliki: namba za Zaburi nyingi humo ziko nyuma kwa moja. Ukitumwa usome Zaburi ya 22 ukitegemea mchungaji na malisho, ukakuta kilio cha mtu aliyeachwa, jaribu inayofuata.

6. Kiswahili cha Union kinanishinda, na mimi ni Mswahili kabisa. Tatizo ni langu?

Si lako. Ni Kiswahili cha wazee wa pwani, na baadhi ya maneno yake yamehama maana au yamestaafu. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi.

“Hata” likianza sentensi halina maana ya “hata kidogo”. “Hata alipoingia Kapernaumu” ni “alipoingia Kapernaumu”, au “ndipo alipoingia”. Ukilijua hili moja tu, nusu ya sentensi zilizokuwa zinakwama zitafunguka.

“Nalikuwa” ni “nilikuwa”. “Yamekuelea” ni “umeyaelewa”. “Chuo” mara nyingine ni kitabu, wala si mahali pa kusomea diploma: yule ofisa wa swali la 2, katika Union, anasoma “chuo cha nabii Isaya”. “Mataifa” kwa kawaida ni watu wasio Wayahudi. “Marhamu” ni mafuta ya kupaka yenye manukato.

Halafu kuna vyeo, na hapa ndipo ninapopapenda. Pilato ni “liwali”. Yule askari wa Kirumi anayeomba mtumishi wake aponywe ni “akida”. Liwali na akida walikuwa watu halisi wa pwani hii, watu wa Sultani na baadaye wa Mjerumani na Mwingereza. Msomaji wa wakati ule aliposikia “liwali” hakuhitaji maelezo, alijua ni mtu wa namna gani, anakaa wapi, na anaogopwa kwa nini. Habari Njema inamwita Pilato “mkuu wa mkoa”, na wewe wa leo papo hapo unauona msafara wa magari. Mbinu ya watafsiri ni ileile, kilichobadilika ni serikali.

Njia nzuri ya kujizoeza: soma kifungu kwanza kwenye Habari Njema, halafu kisome kwenye Union kwa sauti. Baada ya miezi mitatu utashangaa jinsi ile ya zamani inavyoimba.

7. Kuna Biblia kwa lugha ya kwetu?

Kwa lugha kubwa za eneo hili, ndiyo, na nyingine zina umri: Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896. Kikuyu na Kijaluo zipo pia. Wasomaji wa mashariki ya Kongo wana tafsiri ya Kiswahili chao, ambayo Mtanzania ataisoma huku akitabasamu hapa na pale. Kwa lugha ndogo hali hutofautiana: nyingine zina Agano Jipya, nyingine zina Injili moja tu, nyingine kazi inaendelea, hasa kusini magharibi mwa Tanzania kuzunguka Mbeya. Uliza ofisi ya Chama cha Biblia. Cha Tanzania makao yake yako Dodoma na cha Kenya yako Nairobi.

Mzee ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, msomee kwa lugha yake. Tofauti utaiona usoni pake.

8. Yenye zipu, yenye itifaki, yenye maelezo: ninunue ya namna gani?

Zipu ni kwa anayesafiri na daladala msimu wa mvua. Itifaki ni orodha ya maneno nyuma ya Biblia inayokuonyesha neno fulani linapatikana mistari gani. Inafaa, ingawa simu inafanya kazi hiyo haraka zaidi. Maelezo ya chini ya ukurasa yanasaidia sana anayeanza. Ila kumbuka kwamba maelezo yameandikwa na mtu wa leo mwenye msimamo wake, hayana uzito sawa na maandiko yaliyo juu yake. La mwisho, na linasahaulika: jaribu ukubwa wa herufi kwa mwanga wa nyumbani kwako, usijaribu kwa jua la mchana pale mezani.

## Simu, redio na filamu

9. Nipakue programu gani?

Inayotumiwa na wengi ni YouVersion, iliyoanza mwaka 2008. Ni ya bure na ina tafsiri kadhaa za Kiswahili, zikiwemo Union, Habari Njema na Neno. Ukiwa na bando au Wi-Fi, pakua kabisa tafsiri unayoitaka ili uweze kuisoma hata usipokuwa na mtandao. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanalalamika kwamba Biblia “imekata” katikati ya ibada. Programu nyingine ni Bible.is ya shirika la Faith Comes By Hearing, ambayo nguvu yake ni sauti: unasikiliza maandiko yakisomwa.

Angalizo moja. Kwenye soko la programu kuna “Biblia Takatifu” nyingi zilizotengenezwa na watu wasiojulikana, zimejaa matangazo, na nyingine zinaomba ruhusa ya kuona namba za watu wako wote. Biblia haihitaji kujua namba ya shemeji yako. Ifute.

Ile mipango ya usomaji ya siku saba au thelathini inasaidia kujenga mazoea, lakini mingi ni mistari miwili mitatu iliyochomolewa pamoja na tafakari ndefu ya mtu. Isiwe ndiyo chakula chako chote. Kwa mpangilio wa kusoma, rudi swali la 1.

10. Mimi nina kiswaswadu. Je?

Kama kinashika redio na kinapokea kadi ya kumbukumbu, uko vizuri. Omba kijana mwenye simu janja akuwekee Injili za sauti kwenye kadi. Usiku unaweka masikioni na kusikiliza. Kumbuka wengi wa Wakristo wa kwanza walisikia maandiko yakisomwa, hawakuyasoma wenyewe.

Redio zina vipindi vya mafundisho karibu kila siku. Radio Maria ni ya Kikatoliki na inasikika mikoa mingi ya Tanzania. Upendo ya Dar es Salaam na Sauti ya Injili ya Moshi ni za Kilutheri. Radio Waumini ya Nairobi ni ya Kikatoliki. Sauti ya Injili ina historia yake: jina hilo lilianza kusikika mwaka 1963 kwenye kituo kikubwa cha masafa mafupi Addis Ababa, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha mwaka 1977. Wazee wa Kilimanjaro bado wanakumbuka mlio wake.

11. Filamu ya Yesu inafaa?

Ile inayoonyeshwa vijijini kwa jenereta na shuka jeupe ilitoka mwaka 1979 na imefuata Injili ya Luka karibu neno kwa neno, hivyo inafaa. Itazame, halafu soma Luka utafute kilichoachwa. Tamthilia nyingine zinazozunguka kwenye simu zimeongezewa chumvi. Zifurahie kama tamthilia.

## Kuelewa unachosoma

12. Kuna vitabu gani vya Kiswahili vya kunisaidia?

Vipo, ila havijai rafu kama vya Kiingereza, na hilo ni pengo la kweli. Utakavyovikuta ni kamusi za Biblia, fafanuzi za kitabu kimojakimoja, na vijitabu vya mafundisho ya msingi. Kwa upande wa Kikatoliki tafuta vya wachapaji wa Ndanda na Peramiho na vya Paulines. Kwa upande wa Kiprotestanti tafuta vya Central Tanganyika Press ya Dodoma, na maduka ya Soma Biblia yaliyoko miji kadhaa ya Tanzania.

Kimoja ambacho wengi hawajui kuwa kipo: Mwalimu Julius Nyerere, yuleyule aliyetafsiri Shakespeare, alizigeuza Injili nne na Matendo kuwa tenzi, zikachapishwa na Wabenedikti wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Ukilelewa na mashairi, zitakuingia kuliko ufafanuzi wowote. Kuzipata ni kazi. Jaribu maktaba za seminari.

Kabla ya kununua kitabu chochote cha maelezo, geuza ukurasa wa pili usome nani amekichapa na ni wa kanisa gani. Mlutheri, Mkatoliki, Msabato na Mpentekoste wataeleza ubatizo kwa namna nne, na kila mmoja ataandika kana kwamba wengine hawapo. Kujua anayezungumza ni nusu ya kuelewa anachosema.

13. Kuna masomo ninayoweza kusoma nikiwa nyumbani?

Ndiyo. Yanayojulikana zaidi ni ya Sauti ya Unabii, yaliyosomwa kwa posta na vizazi kadhaa: unajaza majibu, unayatuma, yanasahihishwa, mwisho unapewa cheti. Yanaendeshwa na Waadventista Wasabato na yanafundisha msimamo wao, Sabato ikiwemo. Makanisa kadhaa yana pia theolojia kwa enezi, ambapo unasoma kitabu nyumbani na kukutana na mwalimu na wenzako mara kwa mara. Hiyo haihitaji uache kazi, lakini inahitaji nidhamu. Wanaomaliza kwa kawaida ni wale waliosoma wawili wawili.

14. Nitampata wapi mtu wa kusoma naye?

Hili ndilo ningeliweka la kwanza kama watu wasingekimbia. Programu na vitabu vyote vya juu havifikii kikundi cha watu sita walioketi kwenye mkeka na Biblia zao, mmoja akiwa na ujasiri wa kusema “sijaelewa”.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970. Wanakutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Wengi hutumia njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: mnasoma kifungu, mnakaa kimya, kila mmoja anasema neno lililomgusa, bila mtu kumhubiria mwenzake. Walutheri na Waanglikana wana ibada za nyumbani za mitaa. Wapentekoste wana seli. Vyuoni kuna vikundi vya wanafunzi, na baadhi ya makanisa ya mijini yanaendesha kozi ya Alpha, ambayo inaanza kwa chakula na inakaribisha wasioamini kabisa.

Unakwendaje? Mwambie jirani yako anayekwenda, “Naomba nikusindikize, nikae nisikilize.” Inatosha. Sema mapema kwamba bado unatafuta, ili wasikuandikie ubatizo wiki ya pili. Ukiona unafundishwa tu, na kila swali lako linajibiwa kwa “amini tu”, badilisha kikundi. Ukitaka mafundisho rasmi, muulize katekista, mwinjilisti au mchungaji kuhusu darasa la wanaojiandaa kubatizwa. Kukaa darasani si kusaini.

15. Nimetumiwa mstari WhatsApp. Nitajuaje kama kweli uko kwenye Biblia?

Tafuta maneno matatu ya katikati kwenye programu ya simu. Lisipoonekana, jaribu tafsiri nyingine. Likikosekana kote, huenda ni methali iliyovaa joho. Mashuhuri kuliko yote ni “Jisaidie nami nitakusaidia.” Halimo. Nimewahi kubishaniwa mpaka mtu akaniachia Biblia yake mezani nimtafutie. Sikulipata, naye hakuridhika. “Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu” nalo halimo, na ukisoma habari ya umati mbele ya Pilato utaona kwa nini lisingefaa.

Asiyefanya kazi na asile? Hilo limo, 2 Wathesalonike 3:10, ila linasema “hataki kufanya kazi”, na hapo kuna tofauti kubwa kwa kijana anayezunguka na vyeti vyake. Kwa hiyo hata mstari wa kweli, soma sura nzima.

## Maswali magumu na hali za pekee

16. Je, ni kweli Biblia imebadilishwa?

Nakala za mkono zina tofauti, hilo halifichwi. Nyingi ni za tahajia na mpangilio wa maneno. Chache ni kubwa, na mbili maarufu ni mwisho wa Marko (16:9-20) na habari ya mwanamke aliyefumaniwa (Yohana 7:53 mpaka 8:11), ambazo hazimo katika baadhi ya nakala za kale zaidi. Tafsiri nyingi za leo huziweka kwenye mabano au huandika maelezo chini.

Upande wa pili, mwaka 1947 wachungaji wa mifugo walikuta magombo katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, na miongoni mwake kulikuwa na kitabu kizima cha Isaya kilichoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Kilikuwa cha kale zaidi kwa takriban miaka 1,000 kuliko nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitumika, na kwa sehemu kubwa kinasema yaleyale. Kama yaliyoandikwa ni kweli ni swali jingine, na hilo halijibiwi na wachimbaji wa mapango.

17. Nimeambiwa nitoe pesa, au ninunue mafuta na maji, ndipo nifundishwe. Ni sawa?

Hapana. Sadaka ni jambo la kanisa na kila kanisa lina utaratibu wake, lakini anayeanza kutafuta hadaiwi ada ya kumjua Mungu. Ukiambiwa “panda mbegu” kwa namba ya simu ya mtu binafsi, acha.

Zipo dalili nzito kuliko pesa: kukatazwa kwenda hospitali, kutoa watoto shule, kutenganishwa na ndugu, kuambiwa mwalimu huyu peke yake ndiye anayejua. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 waliokuwa wafuasi wa mafundisho ya kufunga mpaka kufa. Nao walianza kwa kutafuta. Ukiona dalili hizo, usibaki kujadiliana; ondoka, mwambie ndugu, na kama kuna watoto hatarini toa taarifa polisi au kwa chifu.

18. Nyumbani kwetu ni Waislamu. Naweza kusoma?

Sheria inakuruhusu; katiba za Tanzania na Kenya zinalinda uhuru wa dini. Maisha ya nyumbani ni jambo jingine, nawe unayajua kuliko mimi. Kama uko chini ya miaka 18, usikubali mtu yeyote akuite pembeni kukufundisha kwa siri. Kama ni mtu mzima, soma kwa utulivu, usiende na aya za kubishania sebuleni, na ukae mbali na mihadhara ya kukashifiana ya upande wowote. Torati, Zaburi na Injili ni majina yanayojulikana nyumbani kwenu, kwa hiyo huenda shangazi mwenye hekima akawa msikilizaji mzuri kuliko unavyodhani.

19. Niko Ghuba kikazi. Nifanyeje?

Inategemea nchi. Oman kuna makanisa yanayoruhusiwa; Muscat yako Ruwi na Ghala, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani, na watu wa mataifa mengi husali humo. Saudi Arabia hakuna jengo la kanisa. Kotekote huko usigawe maandiko wala kuwahubiria wenyeji; katika nchi nyingi za huko ni kosa kisheria. Biblia ya simu iliyopakuliwa na simu ya Ijumaa kwa mwenzako wa nyumbani mkisoma sura moja, ndiyo njia ambayo dada wengi wa kazi za ndani hunieleza kwamba imewafaa.

20. Mama haoni, na mdogo wangu ni kiziwi. Kuna chochote kwa ajili yao?

Kwa asiyeona, sauti kwanza (swali la 10). Biblia ya nukta nundu ipo kupitia vyama vya Biblia, lakini nzima ni majuzuu mengi yanayojaza kabati. Omba Injili moja. Kwa kiziwi, usidhani maandishi yanatosha, maana Kiswahili kwake huenda ni lugha ya pili. Kenya kuna sehemu za Biblia kwa video katika Lugha ya Alama ya Kenya. Tafuta pia ibada yenye mkalimani wa alama.

21. Biblia yangu imechakaa, kurasa zinadondoka. Naweza kuitupa?

Hakuna sheria ya Kikristo kuhusu jambo hili, ingawa watu wengi roho inawasuta, na wengine huizika au kuichoma taratibu nyuma ya nyumba. Kabla ya hapo niletee. Gundi ya seremala, uzi wa kushonea viatu na kipande cha kitenge kwenye mgongo wa kitabu vinaipa miaka mingine mitano. Isiyoshoneka naichambua: Injili iliyobaki nzima naibana peke yake na kumpa anayeanza. Marko mmoja wa namna hiyo, amefungwa kwa kitenge cha bluu, ameshazunguka kwa watu wanne na sasa sijui yuko kwa nani. Ninachokuomba ni usiiuze kwa kilo kwa muuza karanga.